Shangazi Aliyetutunzia Picha

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mtunza Video Mkuu wetu anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi. Cheo hicho kimo kwenye barua za ofisi tu. Sisi wa ghorofa ya pili tumemwita Shangazi kwa muda mrefu, hata mlinzi mpya wa getini aliwahi kumwandika hivyo kwenye daftari la mahudhurio, akidhani ndilo jina lake la kuzaliwa.

Alianza enzi za kanda. Alizipanga kwenye rafu na kuandika nani kachukua ipi, na kama kairudisha ikiwa imejikunja. Kanda zilipoondoka zikaja diski, kisha tukaletewa seva: ghala moja la pamoja ambalo kila mhariri analifungua kutoka mezani kwake. Tulidhani mashine itampunguzia kazi. Wapi! Wahariri sita ndani ya ghala moja, huyu anahamisha, yule anafuta, mwingine anashika kichwa kwamba kazi yake ya siku tatu imeyeyuka. Shangazi ndiye aliyegawa folda, akaamua nani aguse nini, na ndiye aliyepandisha kila video iliyokamilika kwenye tovuti yetu. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kurudishwa mlangoni na faili lake lisilo na tarehe. Akarudi nalo baada ya chakula cha mchana, limeandikwa vizuri kama la mtoto wa darasa la kwanza.

Mimi ni mmoja wa wahariri hao sita, na nimeomba kuandika wasifu huu kwa sababu nina jambo la kukiri.

Miaka minane iliyopita tulitengeneza video kuhusu kiwanda cha nguo kilichokuwa kikifunga milango kwa nje wafanyakazi wakiwa ndani. Mshonaji mmoja aliyeacha kazi pale alikubali kuzungumza, kwa sharti moja: uso wake usionekane, maana mdogo wake bado alikuwa akifanya kazi humo. Niliuficha uso. Lakini kwenye folda yangu kulikuwa na faili lililoitwa MWISHO na jingine lililoitwa MWISHO KABISA, na nilimkabidhi Shangazi lile ambalo uso ulikuwa wazi.

Video ilipanda tovutini saa nne asubuhi. Dakika kumi na moja baadaye Shangazi, ambaye alikuwa na desturi ya kuitazama kila video ikishapanda, kama mtazamaji wa kawaida, aliiona na kuishusha. Watu kumi na tisa walikuwa wameshaifungua. Mkuu wa kitengo alikuja amefura, akitaka kujua nani kafanya madudu haya. Kabla sijafungua mdomo, Shangazi alisimama.

“Anayepandisha video ni mimi,” alisema. “Ningeitazama kabla, isingepanda.”

Alipewa barua ya onyo, ya pekee katika utumishi wake wote. Mimi nilikaa kimya. Nimeona haya kwa hilo miaka yote minane.

Mchana huohuo alinichukua tukaenda kwa mshonaji. Tulimkuta kwenye chumba alichopanga, cherehani dirishani. Shangazi hakuzungukazunguka, alimweleza kila kitu, mpaka ile idadi ya watu. Yule dada aliacha kushona.

“Niliwaamini,” alisema. “Mdogo wangu akifukuzwa, mtamwambia nini?”

“Sina cha kumwambia,” Shangazi alijibu. “Nitakupigia kila siku mpaka tujue yuko salama.”

Na alipiga. Kila siku saa kumi na moja jioni, kwa wiki tano. Siku za mwanzo mshonaji alijibu kwa neno moja na kukata. Wiki ya tatu akaanza kuuliza hali ya magoti ya Shangazi. Wiki ya tano mdogo mtu akaacha kiwanda mwenyewe, kwa hiari yake, na wote watatu wakashusha pumzi. Ofisini nako tukapata kanuni ambayo hata wageni wetu wanaijua: hakuna video inayopanda kabla watu wawili hawajaitazama mwanzo hadi mwisho.

Mwaka juzi mshonaji alikuja mapokezi. Sasa ana duka lake, na mdogo wake ndiye mkata vitambaa. Alisema anataka ile video irudishwe na uso wake ukiwa wazi. “Waone ni mimi niliyesema.”

Nilitaka kumwambia tumechelewa. Seva ilikuwa imejaa mwaka uliotangulia, na tuliagizwa kufuta picha zote ghafi za zamani. Shangazi akaniangalia, akafungua folda ambayo ni yeye peke yake aliyekuwa na nywila yake. Kabla ya kufuta chochote alikuwa amepitia mafaili yote, moja moja, kwa miezi miwili. Juu ya lile la mshonaji alikuwa ameandika: “Lisifutwe. Mwenyewe anaweza kulihitaji.”

Mshonaji alijitazama kwenye skrini, kiganja mdomoni. “Kumbe nilikuwa nimekonda hivi!” Akacheka, kisha akalia, na Shangazi akamsogezea kiti chake. Tuliitazama sote watatu mwanzo hadi mwisho. Video ikapanda.

Jioni ile nilimwendea mkuu wa kitengo nikamwambia barua ya onyo ilikuwa yangu. Akaitoa kwenye jalada la Shangazi. Shangazi aliposikia alinigonga bega na kusema tu, “Haya, nenda kale.”

Kuanzia Jumatatu atakuwa nyumbani kwa binti yake, nesi, anayetarajia kujifungua mapacha mwezi ujao. Tunawahurumia hao mapacha: watapangwa kwa tarehe na saa.

Shangazi, ahsante kwa macho yako, kwa subira yako, na kwa kuwajali hata watu ambao hukuwahi kukutana nao. Tunakuombea magoti yenye nguvu, usingizi mtamu na wajukuu wasumbufu kiasi. Tutakupigia simu kuuliza faili fulani liko wapi. Tafadhali, zingine usipokee.