Niliondoka Kabla ya Mashada

Wakubwa zangu shikamooni, na ninyi wenzangu wa kikundi, habari za leo. Nasoma kwenye daftari kwa sababu nikisimama mbele ya watu maneno yananikimbia. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo mnivumilie.

Wengi mnanijua kwa kamera. Sina studio. Kazi ikiniita, naenda. Asubuhi naweza kuwa Kyimo napiga parachichi kwenye kreti, maana mnunuzi anataka kuziona kabla hajatuma gari. Mchana napiga vitanda vya gesti hapa mjini, na mwenye gesti hataki mkunjo hata mmoja kwenye shuka. Jioni ng'ombe wa maziwa anayeuzwa. Ng'ombe, ndugu zangu, hana subira kama bibi harusi.

Kazi naipenda. Shida yangu ilikuwa sijui kukataa. Mtu akinipigia simu, mdomo ulisema "sawa" kabla kichwa hakijafikiri. Ni aibu tu. Niliona kumkatalia mtu ni kama kumtukana. Basi nikawa mtu wa kukimbia. Nikiwa hapa, roho iko kule. Hata chakula nilikula nimesimama, jicho liko barabarani.

Familia moja ya Masukulu ikanipigia. Mama yao amefariki, wanazika Jumamosi. Dada mkubwa wa nyumba ile alikuwa amelazwa, ametoka kufanyiwa upasuaji, hawezi kufika. Mdogo wake wa kiume akaniambia, "Kaka, nakuomba kitu kimoja. Kila anayeweka shada, mpige. Dada anataka awaone waliomzika mama."

Nikasema sawa. Na Jumamosi hiyohiyo nilishakubali harusi ya Tukuyu. Nikajiambia mazishi ni saa sita, maharusi wanatoka kanisani saa tisa, nitawahi.

Misiba yetu mnaijua. Kila ukoo ulikuwa na msemaji wake, kisha mvua ikaja, tukaisubiri chini ya maturubai. Kaburi linafukiwa, saa tisa hiyo inagonga. Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa msimamizi wa harusi. "Mpiga picha, uko wapi? Maharusi wanatoka!"

"Nipo njiani," nikamjibu, viatu vyangu vimezama kwenye udongo wa kaburi.

Wakaitwa watoto wa marehemu. Nikapiga shada lao. Halafu nikarudi nyuma hatua moja, mbili, kama mtu anayetafuta pembe nzuri, mpaka nikafika kwenye migomba alipokuwa bodaboda aliyenileta. Wajukuu, wakwe, majirani na wanakwaya waliweka mashada yao mimi sipo. Na harusini maharusi walikuwa wameshaketi ukumbini. Msimamizi aliponiona akasema kwa sauti, "Karibu, mgeni rasmi!" Ukumbi mzima ukacheka.

Yule kaka alipofuata picha, nikampa ile moja, nikamwambia kadi ya kamera imekufa.

Akaniangalia. "Imekufa yote, ila shada letu limepona?" Nikaanza kufuta lenzi. "Watu walikuona ukipanda pikipiki, kaka." Hakupiga kelele. Aliondoka tu.

Habari ilifika stendi kabla yangu. Vijana wakawa wananitania, "Huyu akikupigia msiba, shukuru kama marehemu yumo." Simu zikaacha kuita. Nikaifungia kamera kwenye begi, nikaenda kuchuma chai. Huko nako sikutulia. Kila simu ya mtu ikilia shambani, mimi najishika mfukoni.

Siku moja mama mmoja tuliyekuwa tunachuma naye, mwenyeji wa Masukulu, akaanza kusimulia bila kujua ni mimi. "Yule dada ametoka hospitali, maskini. Ana picha moja tu. Anauliza nani alikuja kumzika mama yake, na kila mtu anamwambia eti alikuwepo. Hata ambao hawakukanyaga."

Ndugu zangu, nawaambia, majani yalinitoka mkononi.

Kesho yake nikaenda kwa dada. Nikamwambia, "Kadi haikufa. Nilikimbilia harusi." Nikamwomba niwaite watu tena makaburini, waweke mashada niwapige.

"Unataka niigiziwe mazishi ya mama yangu?" akaniuliza. Kisha akasema, "Watu walikuwa na simu. Nenda kaombe picha zao."

Mimi, wa kuomba nyumba kwa nyumba! Nyumba ya kwanza nilisimama nje mpaka mbwa akachoka kubweka. Bibi mmoja nilimwamkia, "Ugonile." Akanikazia macho. "Ni wewe uliyemtoroka marehemu?"

"Ni mimi, bibi."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Basi ingia. Mjukuu wangu ana simu."

Si wote waliocheka. Baba mmoja wa Lupepo aliniambia simu yake si ya kufutia aibu yangu. Nilirudi kwake mara mbili zaidi ndipo akanipa. Picha zote nilizisafisha, nyingine zimepinda, moja nusu yake ni kidole cha mpigaji.

Dada alizitazama polepole, mojamoja. Akafika kwenye moja ya mvua. Pembeni amesimama jirani yao, mama ambaye yeye na marehemu hawakusalimiana miaka mingi. Hana mwavuli, ameshika shada. Huyo hakuwahi kumwambia mtu kwamba alikuwepo.

"Alikuja," dada akasema. "Huyu alikuja." Akalia, akajitanda kanga yake, akaenda kwa jirani hatujamaliza picha.

Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki, mlionipa kazi ya kwanza baada ya hapo. Namshukuru bibi aliyecheka, na yule baba aliyekataa mara mbili, na dada ambaye hakunifukuza. Siwadanganyi kwamba nimetulia. Bado simu ikilia moyo unaruka. Lakini nimejifunza kwamba nikisema sawa kwa watu wawili siku moja, mmoja wao nimeshamdanganya.

Mwezi uliopita familia ile iliniita wakati wa kujengea kaburi. Simu ikaita, mtu ana kipaimara siku hiyohiyo. Jasho lilinitoka, nikamwambia, "Samahani, siku hiyo nina kazi." Akakata bila kuaga. Nami nilibaki Masukulu mpaka fundi wa mwisho akaosha koleo lake, na yeye nikampiga.