Gari la Baba Upendo Lisilo na Pistoni

Wapendwa, jina la Bwana litukuzwe! Hapana, hiyo amina ni ya watu waliochoka. Jina la Bwana litukuzwe! Haya, asanteni.

Ndugu zangu, mimi ni Mama Upendo, yule wa vitenge pale Kariakoo. Nimesimama kushuhudia, lakini mnivumilie, maana hadi leo sijui nilichotendewa kinaitwaje. Mchungaji aliniuliza, ni ushuhuda wa uponyaji au wa kufunguliwa? Nikamwambia, Mchungaji, niache nisimame tu, labda nikiwa nasema nitaelewa.

Mume wangu, Baba Upendo, alikuwa akitoa mizigo ya watu bandarini. Miaka yote aliona magari ya wenzake yakishuka melini, mpaka siku moja akaagiza la kwake kutoka Japani. Lilikuwa zuri, sikatai! Jekundu, milango miwili, limelala chini kama linanyemelea kitu. Lakini lilikuja likiwa limeshazeeka. Akalipenda hivyo hivyo.

Halafu akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakakatika. Mtu aliyekuwa akibishana na watu wa forodha kutwa nzima, ndugu zangu, hakubakiwa hata na neno la kuomba maji!

Nikajiambia, kama hawezi kusema, basi nimtunzie anachokipenda. Nikajifunza kuliendesha mwenyewe. Hapo ndipo akili yangu ilipovurugika.

Gari lile asubuhi linawaka vizuri, linaunguruma mtaa mzima wanajua Mama Upendo ameamka. Unaenda nalo Feri, unazima, unanunua samaki. Ukirudi, haliwaki! Limepata joto, limegoma. Unakaa juani mpaka lipoe lenyewe, na wewe na samaki mmeshabadilika harufu. Siku nyingine nikaliwasha nilisogeze kidogo tu pale getini, nikazima. Kesho yake kimya kabisa, petroli imejaa ndani, imelowesha plagi. Sasa mimi nishike lipi? Likiwa na joto haliwaki. Likiwa baridi, ukilizima mapema, haliwaki. Na kiu yake! Petroli linakunywa kama lori. Oili nayo naongeza kila mara, na chini halivuji hata tone. Inaenda wapi?

Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akabadilisha koili. Wa tatu akafungua, akachungulia, akaniita pembeni.

"Mama, hii injini haina pistoni."

Nikashika kichwa. "Nani kaziiba?"

"Sijui, mama. Mimi nimeikuta hivi."

Nikaenda moja kwa moja kwa yule fundi wa pili, nikafunga kanga kiunoni mbele ya wateja wake: rudisha pistoni za mume wangu! Maskini, akaapa hajaziona. Na kweli hakuwa ameziona.

Akina mama wa maombi wakasema, gari linalomeza oili bila kuvuja, tena linatembea bila pistoni, hilo si la kuombewa kwa mbali. Wakaja. Tukalizunguka tukiimba, tukalipaka mafuta kwenye boneti. Likawaka! Tukaruka, tukashangilia! Nikalitoa kwa furaha, na lilipofika Msimbazi likazimika katikati ya barabara. Nyuma yangu honi, mikokoteni, matusi. Nikasema, Bwana, umejibu au hujajibu?

Na kila Jumamosi nilimkalisha Baba Upendo kiti cha mbele, nikaliwasha ili asikie. Alikuwa akilia. Machozi tu, na ule mkono mzima anapigapiga mlango. Nikasema, angalieni furaha hiyo! Nikazidi kulitengeneza. Rafu za duka langu zikaanza kuonyesha mbao.

Hatimaye nikaelekezwa mtaa wa Gerezani, kwa fundi Kanti, mzee wa Kihindi aliyewahi kuzifungua injini za namna ile. Nilikwenda na Baba Upendo, amekaa kiti cha mbele, kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Mzee, habari?"

Baba Upendo akaitikia kwa kichwa. Kanti akalipima, akafuta mikono, na nilipomsimulia habari ya wizi wa pistoni akacheka mpaka akakohoa.

"Hazikuwahi kuwepo, mama. Hii ni rotari. Ndani kuna chuma cha pembe tatu kinazunguka. Kwenye zile pembe kuna vipande vyembamba vya kuzibia, na vya kwako vimekwisha. Ikipata joto nguvu inavuja, haiwaki. Oili inaiunguza yenyewe, imeundwa hivyo."

"Kwa hiyo si pepo?"

"Mambo ya pepo mimi siyajui. Huu ni uchakavu."

"Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Injini yote ifunguliwe, vifaa viagizwe Japani. Lakini kwa gharama hiyo unapata gari lingine dogo, likupeleke sokoni kila siku. Na hii hata ikipona bado itakula oili, bado itakunywa petroli."

Nikapiga hesabu. Kilichobaki mkononi mwangu ni kitu kimoja, fremu yangu ya duka pale Kariakoo. Jirani yangu wa duka alishasema yuko tayari kuichukua wakati wowote. Ada za watoto zinatoka kwenye fremu ile. Dawa za Baba Upendo zinatoka kwenye fremu ile. Lakini nikimtazama mume wangu ndani ya gari lake, nitasemaje hapana?

Nikasema kwa sauti, "Basi nitauza fremu."

"Uza."

Ndugu zangu! Nilidhani ni Kanti. Nikamtazama Kanti, Kanti naye anamtazama Baba Upendo.

"Uza," akasema tena, jasho linamtoka, macho amenikazia.

Haleluya! Nilipiga vigelegele, gereji nzima wakaacha kazi. Mume wangu amesema! "Nauza, Baba Upendo! Nauza fremu, hata leo!"

Akapiga mlango wa gari kwa kiganja. Akapiga tena. "Hii."

"Hii nini, baba?"

"Uza... hii."

Vigelegele vikaniishia mdomoni. Kumbe kule kupigapiga mlango? Kumbe yale machozi? Nikachuchumaa pale dirishani, nikamwuliza, "Ulitaka liuzwe tangu lini?" Akatikisa kichwa, akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Nami nikafanya vivyo hivyo, sijui kwa lipi kati ya hayo mawili.

Gari alilichukua Kanti mwenyewe, anasema vifaa vyake vina watu wake wanaovitafuta. Lilipovutwa kwenda uani nililia mimi. Baba Upendo hakulia. Fremu ipo, na vitenge vipya vimeingia, karibuni.

Sasa nisaidieni. Dada anayemfanyisha mazoezi ya kuongea hospitali anasema sauti huwa inarudi hivyo, kidogo kidogo. Akina mama wa maombi wanasema ni yale mafuta ya kwenye boneti. Mimi nawashukuru wote, na namshukuru Mungu kuliko wote, lakini kugawa nani kafanya nini siwezi. Na kwa nini neno la kwanza liwe "uza"? Kwa nini si Debora, jina langu? Nimemwuliza Mungu. Hajanijibu, nami sijaacha kumwamini.

Ndugu yangu uliyekaa hapo na mzigo usiojua hata kama ni wako, usingoje uuelewe kwanza ndipo uje kwake. Njoo nao ukiwa umechanganyikiwa hivyo hivyo! Mimi nilimwomba aniwashie gari, akafungua kinywa cha mume wangu. Huyo si wa kutumainiwa?

Nimalizie. Baba Upendo amekaa pale benchi la pili. Wiki nzima amekuwa akijifunza sentensi, na mimi amekataa kuniambia ni sentensi gani. Nampelekea maikrofoni. Itachelewa kutoka, ndugu zangu. Akikwama, tafadhali, mtu asimmalizie. Mimi nilimmalizia mengi mno, na mengi sikupatia.

Tusubiri.