Ugonjwa Aliouchagua Nkuba

Basi la Iringa lilipotoka Uyole, mwanamume aliyeketi mbele yangu alimwambia jirani yake kwamba majibu ya tumbo lake yametoka mazuri. Aliitwa Nkuba, mfugaji wa Usangu. Jirani, Mama Hanifa, muuza vitenge, hakuwa amemuuliza.

"Kipimo kimeonyesha ukuta wa utumbo umekuwa mnene," alisema Nkuba. "Nimechinja ng'ombe wengi, mama. Utumbo mnene ndio wa ng'ombe mwenye afya."

Mama Hanifa akataka kujua daktari naye amesemaje.

"Amesema inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa kifua kikuu cha tumbo, inaweza kuwa saratani. Picha peke yake haitoshi. Anataka nirudi waingize kamera, wakate kinyama wakapime. Mimi nimechukua maambukizi."

"Umechukua? Kwani ulikuwa unachagua kitenge?"

"Amesema inaweza, mama. Hajasema ndiyo."

"Wala hajasema siyo. Choo kina damu?"

Nkuba aliyatazama mashamba ya mpunga kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili. "Kidogo," alisema.

"Basi rudi, baba. Kama ni maambukizi, kamera itakuambia hivyo hivyo."

"Na isiposema hivyo?"

Basi likasimama Chimala, Nkuba akachukua begi lake.

"Nyumbani utawaambia ipi?" aliuliza Mama Hanifa.

"Maambukizi."

"Na wewe mwenyewe unaamini ipi?"

Konda aligonga bodi, na Nkuba, aliyeongea njia nzima, akashuka bila neno.