Kabichi ya Kumbakiza Mke

Benchi letu la kahawa lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali hatakiwi kutikisika. Leo upande huo alikaa Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, na hakutulia hata dakika. Mapajani alipakata bakuli la kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, karoti na vipande vya nanasi. Mkewe ana mimba changa. Harufu ya mafuta ya moto ikimfikia tu, anatapika. Jiko halijawashwa wiki nzima, na mama mkwe, aliyezisikia habari hizo, anakuja saa saba kumchukua binti yake akamtunze kwao. Cheche ameapa kumwonyesha kwamba mtu anaweza kulishwa vizuri bila moto. Mimi nilikuwa namimina kahawa, na kwa kweli nilimwonea huruma.

— Kaa chini, Cheche, utatumwagia kahawa.

— Nakaaje? Saa tano hii! Onjeni, imekosa nini?

Redio, kinyozi wetu asiyezimika, akachota kijiko.

— Ngumu. Itie chumvi, uiminye mpaka ilegee. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Walisema samaki, Redio.

— Kwani kabichi umeshaipika?

Sheria, karani mstaafu, akatikisa kichwa.

— Ukitia chumvi sasa hivi itatoa maji, utampa mkweo supu. Mtindi na limau vitie dakika ya mwisho. Na hilo nanasi litoe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Nanasi limeingia asubuhi hii hii!

— Ndiyo maana nasema ulitoe kabla halijazoea.

Cheche akasimama, akaketi tena. Benchi likalia.

— Silitoi. Ndilo pekee linalokaa tumboni mwake.

— Basi ongeza zabibu kavu, — Redio akasema. — Mama mkwe akiziona atajua hapa kuna uwezo.

— Akiziona atauliza mbona nyumba haina rangi, — Sheria akamkata. — Weka tufaha. Tufaha hutafunwa muda mrefu, na anayetafuna hawezi kusema "funga mizigo twende."

— Hapo umenena! — Redio akadakia. — Tena kabichi yote izikwe kwenye barafu. Meno yakishikwa ganzi, ulimi nao unafuata. Atakaa kimya mpaka mjukuu aanze shule!

Tulicheka wote isipokuwa Cheche.

— Nyie mnacheza. Mke wangu akiondoka, mimi jioni narudi kwa nani? Niongee na sufuria?

Hata Redio akainamia kikombe chake.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja mgeni, ameshika kiti cha chuma kilichokatika mguu, akimsubiri fundi.

— Samahani, kaka zangu. Huyo mjamzito mwenyewe amesemaje? Anataka kubaki, au anataka kwenda kwa mama yake?

Sheria akanitazama mimi. Nami nikamtazama Cheche. Cheche akakirudisha kijiko bakulini.

— Si anakula? — akasema. — Kila nikimwekea, anakula.

Akafunika bakuli, akamwomba yule mama amsubiri, akashika njia ya nyumbani. Tangu asubuhi alikuwa hatulii. Sasa alitembea polepole.