Fomu Niliyokataa Kuisaini

Sogeeni, wanangu, msisimame mlangoni kama wageni waliokosea nyumba. Wewe kifungua mimba, niinulie mto kidogo, na wewe kitinda mimba wangu, futa machozi, maana leo nina furaha na sitaki mtu aniharibie. Daktari amesema yake, lakini mwili wangu ulinieleza mapema kuliko yeye. Basi nisikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu pumzi ya kurudia maneno sina.

Mnajua nilifanya kazi hospitalini miaka ishirini na miwili, katika chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji, ila hamjapata kunisikia nikieleza yaliyonitoa pale, kwani kila nilipoanza niligeuza mazungumzo. Kazi yetu ilikuwa kuosha mikasi na visu, kuvifunga kwenye vitambaa, kuvibandika utepe na kuviingiza ndani ya mtambo wa mvuke. Joto likifika, mistari ya ule utepe inakuwa myeusi. Lisipofika, inabaki imepauka, na hapo vifaa havitakiwi kumgusa mtu.

Mwaka wangu wa mwisho pale mtambo ukaanza kuchoka. Nikamwambia mkuu wa idara, yule tuliyemwita Bwana Kesho kwa sababu kila ukimwomba fundi, fundi wake ni wa kesho. Nikamwandikia na barua, nakala yangu nikaigongesha mhuri masjala. Wagonjwa wakaanza kurudi na vidonda vinavyotoa usaha. Mama mmoja aliyejifungua kwa kupasuliwa alirudi mara tatu, ameinama kama bibi kizee, na vifaa vyake nilivifunga kwa mikono hii mnayoiona. Asubuhi moja Bwana Kesho akaniita ofisini, akanisogezea fomu ya kuthibitisha kwamba joto limefika.

"Saini, mama, tusicheleweshe upasuaji."

"Utepe haujageuka, bwana."

"Utepe hausaini," akasema. "Unasaini wewe."

Sikusaini, wanangu. Msidhani nilikuwa jasiri. Kalamu niliishika kwanza, ndipo nikairudisha mezani. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mkaguzi wa afya, nikaeleza yote, wakaja wakaufunga mtambo, na wiki mbili baadaye nikakabidhiwa barua kwamba nimefukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Mlinzi wa getini, niliyemsalimia kila siku, alipekua mkoba wangu huku ameinamisha macho.

Na wewe, mwanangu mkubwa, ulikuwa umebakiza mwaka mmoja chuoni, ukaacha, ukaenda kupakua mizigo sokoni. Jioni ile ulinifokea, "Saini moja tu, mama, ungekufa?" Neno lile nililiweka moyoni miaka sita, nikawa nakujibu kwa mkato hata ukiniletea chai. Leo nakuomba radhi. Ulikuwa na haki ya kuumia. Mimi ndiye niliyekuchagulia mzigo bila kukuuliza.

Aliyeniokoa ni wakili wa chama cha wafanyakazi, yule dada mwenye sauti ya kukwaruza. Aliniambia ipo sheria: mtu akitoa taarifa ya hatari kwa mamlaka inayohusika, kwa nia njema, haruhusiwi kufukuzwa kwa ajili hiyo, na akifukuzwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu nyingine. Nikashangaa, maana nilidhani sheria ni ya wenye magari. Akatazama tarehe ya barua yangu ya kufukuzwa, akahesabu kwa vidole, akasema, "Zimebaki siku nne za kufungua shauri. Kaa hapo tuandike."

Mengine mliyaona: kesi kuahirishwa, hospitali kusema mimi ni mgomvi. Kilichoniuma zaidi ni mwenzangu wa zamu, Bi Kilemba. Yeye alisaini. Nikaapa hatakanyaga kwangu, nikimwona mtaani navuka barabara. Kumbe mwezi uliopita, siku ya ushahidi, akaingia kwenye baraza la kesi za kazi na bahasha, akamwaga mezani tepe zilizopauka, kila moja ina tarehe nyuma kwa mwandiko wake. "Nilisaini kwa sababu nalea watoto wanne peke yangu," akamwambia mwenyekiti, "lakini kuzitupa nilishindwa." Nililia mbele za watu, na sikuona aibu.

Jumanne hukumu ikatoka. Wakili alinisomea hapahapa kitandani: nilifukuzwa kwa kusema kweli, barua ile imefutwa, na faili langu lionyeshe nimestaafu kwa heshima. Nikamwambia asome tena. Nilikuwa nimesikia, wanangu. Nilitaka utamu tu. Tangu siku hiyo kifua ni chepesi, hata maumivu yananiheshimu.

Sasa shikeni haya. Nyumba ni yenu wote wawili. Asiuze mmoja bila mwenziwe. Cherehani iliyotulisha ni yako, kitinda mimba. Mguu mmoja unayumba, usiikopeshe kwa shangazi yako, hairudi. Haki zangu za kazi zikitoka, kifungua mimba urudi chuoni, hata kama utakaa darasani na watoto watakaokuita mjomba. Bwana Kesho msimfuatefuate, nimemaliza naye. Lakini Bi Kilemba akija msibani akakaa nyuma, mshikeni mkono, mkaketi naye mbele. Na mkiona hatari kazini, semeni. Ila andikeni, gongesheni mhuri, nendeni kwa anayehusika, na msichelewe kuuliza sheria inasemaje.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Leteni mikono. Mungu awape kazi msizozionea haya, awape... awape watu wa kusimama nanyi. Mkigombana, mpatane kabla ya... kabla jua halijazama, msikae miaka sita kama mimi. Radhi yangu mnayo, yote, sikubakiza.

Nani ameniwekea mkono kichwani? Ah, ni wewe, kifungua mimba. Uache hapohapo. Fungueni dirisha... nimechoka vizuri leo... nataka kulala. Msiniamshe.