Mzee Elipidius Kaijage na Mbwa Wake wa Kusimamia Kwale

Mchungaji, wazee wa ukoo na ndugu waombolezaji, shikamooni. Kwa niaba ya familia nasoma historia ya babu yangu, Mzee Elipidius Kaijage, aliyeniagiza nisifiche kosa lake moja, ili Bahasha, mbwa wake jike aliyebaki, ajulikane ni wa nani kabla ukoo haujakaa kugawa mirathi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Ndama, akasoma shule ya msingi Bugene mwaka 1957 hadi 1964, kisha akawa karani wa chama cha kahawa, 1966 hadi 1997. Alifunga ndoa na bibi Costansia Jumamosi, tarehe 8 Januari 1972, wakajaliwa watoto watano na wajukuu kumi na saba, mimi nikiwa wa tisa.

Mwaka 1986 daktari Mjerumani aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mbwa jike aina ya pointa, na kwa kuwa mbwa wetu huvaa njuga na kukimbiza mnyama mpaka wavuni, huyu aliposimama ghafla mbele ya kichaka, mguu mmoja juu, babu alimwona mwoga, akamvika njuga, akamchapa, huku rafiki yake Yustus akimuuliza, "Kaijage, huyo anawinda au anasali?" Siku ya tisa bibi, aliyekuwa akipalilia maharage jirani, alimwambia kwamba kila mara mbwa huyo anaposimama, kichakani pana ndege, kwale; amvue njuga, asogee yeye mwenyewe kumrusha.

Babu akafanya hivyo, akapata kwale; sifa alipewa yeye, naye akazipokea bila kumtaja bibi, na hilo ndilo kosa lake. Kufikia 1994 wawindaji wenye leseni kutoka Bugomora hadi Kayanga, Yustus akiwemo, waligombea watoto wa pointa. Baada ya 2005 walihamia aina nyingine, pointa wa Kijerumani, ambaye pia huokota ndege aliyeangukia majini. Na tangu 2015, mashamba yalipomeza vichaka, wengi wamerudia mbwa wa njuga; babu alibaki na Bahasha, wa uzao wa yule pointa wa kwanza.

Aliugua saratani ya tezi dume kuanzia Juni 2023, akafariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi. Wiki moja kabla, alimwambia baba mkubwa Adelard, ambaye kwa desturi ndiye angerithi mbwa huyo, "Bahasha ni wa mama yako; yeye alijua kumsoma mbwa, mimi nilijua kumchapa." Baba mkubwa ameridhia, na yupo hapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta ndizi na kuni, na wawindaji wenzake mliochimba kaburi. Babu, lala kwa amani. Leo asubuhi bibi amemlisha Bahasha, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.