Mbaruku Ghanim Anauweka Chini Mdomo wa Shaba

Tarehe 30 Juni 1937, baada ya miaka kumi na saba katika kikosi cha zimamoto cha mji wetu, Bwana Mbaruku Ghanim anastaafu. Ataurudisha stoo mdomo wa shaba, yaani ile ncha ya mpira inayotoa maji, na kuanzia Julai mosi masikio yetu yataanza likizo yaliyoisubiri muda mrefu, mbali na sauti yake.

Alianza mwaka 1920 akiwa mkokota pampu, kazi iliyokuwa ya punda mpaka punda walipopata akili ya kuikataa. Miaka miwili baadaye akakabidhiwa mdomo wa shaba, na tangu siku hiyo hajaamini kwamba kuna binadamu mwingine mwenye mikono. Mipango yake ya kustaafu tunaijua kwa moyo, tupende tusipende: nyumba yake ya makuti pale Kariakoo, baraza pana, mkewe Bi Amna, na kahawa isiyokatizwa na kengele. Mpango huo ulipata mushkeli mwaka huu, na wasifu huu hauwezi kuupita kimyakimya.

Lakini kwanza mafunzo, maana asingetusamehe. Kila Jumamosi asubuhi alitusimamisha uani, wenye homa na wasio na homa, akatueleza kwamba mdomo haushikwi kama kikombe cha kahawa. Unabanwa kwapani, mkono mmoja mbele na mwingine nyuma, goti la mbele limekunjwa, na mwili unaegemea moto, kwa sababu maji yakifika yatakusukuma nyuma bila kukuuliza hali. Usiite maji kabla miguu haijatulia. Koki ifunguliwe polepole. Lenga shina la moto, kwani moshi haujawahi kuungua. Na hata ukianguka, anguka nao, usiuachie.

Bwana Kasmir, aliyetoka Kilimanjaro kuja kujiunga nasi, aliona maneno haya ni mengi mno. Wiki yake ya kwanza alifungua koki yote kwa mkupuo mmoja. Mdomo ukamponyoka, ukacheza uwanjani peke yake, na kabla hatujaukamata ukawa umezima kiko cha bwana mkubwa mmoja aliyekuja kutukagua. Kwa haki tuseme kwamba huo ndio moto pekee wa mwezi ule tuliouzima kabla haujaleta hasara.

Somo lililomtafutia Bwana Mbaruku maadui lilikuwa jingine. Paa la makuti likishashika, alisema, hilo si lako tena. Geuza mdomo uloweshe paa la jirani. Hebu fikiria basi: mtu analia, nyumba yake inawaka, zimamoto wamefika na maji tele, na maji hayo yanakwenda kwa jirani ambaye wala haungui! Wengi walimwita roho mbaya. Bwana Hamud, mwuza vitambaa, ambaye duka lake tuliliacha liteketee ili mtaa upone, aliapa mbele ya watu kwamba siku ya Mbaruku ikifika atakuja kuangalia atalowesha wapi. Mbaruku alimjibu tu kwamba asichelewe.

Siku ilifika. Ijumaa moja ya Machi, mchana, Bwana Mbaruku alikwenda nyumbani kunyoosha suruali ya gwaride. Mtu aliyezunguka mtaa mzima akiwakemea akina mama kuhusu majiko yao aliiweka pasi ya mkaa dirishani, chini kabisa ya ukingo wa makuti, upepo upate kuyachochea makaa. Akaona amechelewa, akavaa suruali nyingine, akarudi kituoni. Upepo ukafanya kama ulivyoagizwa.

Kengele ililia baada ya alasiri. Tuliikokota pampu ya mkono mbio hadi Kariakoo, kwa kuwa gari lenye injini, kwa busara ya wakubwa, hulala Uzunguni likilinda mapaa ya vigae. Paa la Bwana Mbaruku lilikuwa limeshashika upande mmoja. Bi Amna alikuwa nje, mzima, na birika mkononi. Umati ulikuwa mkubwa, maana Kariakoo kila mtu ni fundi wa kuzima moto isipokuwa yule unayemwomba achote maji. Bwana Hamud alikuwa mstari wa mbele.

Kwetu mwenye ndugu au mali ndani ya moto hashiki mdomo, kwa sababu machozi hupotosha shabaha. Bwana Mbaruku akampa Kasmir ule mdomo bila neno, jambo lililotutisha kuliko moto, akaja kushika mpini wa pampu, mkabala na mimi Isidori ninayeandika haya. Kasmir naye akafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: akayapeleka maji yote kwenye nyumba ya mwalimu wake.

Mbaruku aliuacha mpini, akamkimbilia, akampiga kofi la kisogo. Sauti yake ilisikika mpaka sokoni. “Hiyo imekwisha, we bwana! Kwa Mwanamkuu! Lowesha kwa Mwanamkuu!”

Bi Mwanamkuu ni jirani yake, mjane, na hawakuwa wakisalimiana tangu mbuzi wake alipokula kofia ya kazi ya Bwana Mbaruku. Kasmir akageuza mdomo. Mbaruku akarudi kwenye mpini, akapampu akiitazama nyumba yake mpaka paa likaanguka ndani. Hakulia. Mimi nililia, na sioni haya kuliandika hapa. Nilipoinua macho, Bwana Hamud alikuwa amevua kanzu na anapokezana ndoo na wauza samaki.

Mtaa wote ulipona. Kwa Bwana Mbaruku zilibaki kuta za kufika kiunoni. Tangu siku hiyo yeye na Bi Amna wanalala chumba cha uani kwa Bi Mwanamkuu, ambaye kila asubuhi huwaletea chai na kuwakumbusha godoro lake lililoloweshwa.

Kamati ya zawadi nayo haikulala. Baada ya vikao virefu imemnunulia mstaafu wetu saa kubwa ya ukutani, yenye kioo na mlio mzuri, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyejiuliza itatundikwa kwenye ukuta gani.

Ahsante, Bwana Mbaruku, kwa kila paa la jirani. Mungu akupe afya, na siku nyingi njema pamoja na Bi Amna. Jumapili asubuhi kikosi kizima kitakuwa kiwanjani kwako na fito, kamba na udongo. Saa itangoja mpaka ukuta ukauke.